Nyumba ya Mlolongo: mfanyabiashara aliyezijenga safari zake

DEREVA yeyote wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali au Bujumbura analijua jina la Mlolongo. Mji huo ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa kuingia Nairobi ulipata jina lake kutokana na foleni ya malori yaliyokuwa yakisubiri kupimwa uzito kwenye mizani. Ni mji wa gereji, maghala, vibanda vya chakula na nyumba za kulala wageni. Wanaopita hapo huwa na haraka ya kuwahi mzigo, na wachache hugeuza macho kutazama upande wa mbuga.

Upande huo, reli ya zamani inapita ukingoni mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Ikitazamana na reli hiyo na nyika iliyo mbele yake, imesimama nyumba ya rangi ya udongo isiyofanana na jirani yoyote. Sura ya kuta na minara yake inakumbusha misikiti ya udongo ya Mali. Ndani yake mna vyumba vinavyokumbusha Lamu. Inajulikana kama African Heritage House, na aliyeijenga, Alan Donovan, alikuwa Mmarekani aliyejipatia riziki kwa kununua na kuuza kazi za sanaa kutoka nchi moja ya Afrika hadi nyingine.

Nyumba hiyo ilikaribia kubomolewa ili kupisha reli ya kisasa, na kilichoiokoa ni karatasi. Kwa mfanyabiashara wa mpakani anayeweka akiba kidogo kidogo ili siku moja ajenge, habari zake zina mafunzo mawili. La kwanza ni namna ya kujenga nyumba inayotokana na maisha ya mwenyewe na ardhi yake. La pili ni namna ya kuilinda.

Biashara iliyozaa nyumba

Donovan alifika Nigeria mwaka 1967 akiwa mtumishi wa serikali ya Marekani, wakati wa vita vya Biafra. Alipoacha kazi hiyo alivuka jangwa la Sahara kwa gari aina ya Volkswagen, akapita nchi baada ya nchi hadi Kenya, alikofika mwaka 1970. Alikwenda Turkana, akakusanya vifaa vya matumizi ya kila siku vya wafugaji wa huko, kisha akavionyesha Nairobi. Maonyesho hayo yalimkutanisha na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais wa Kenya mwaka 1966, na ambaye naye alikuwa mkusanyaji mkubwa wa vitabu na sanaa za Afrika.

Mwaka 1972 Donovan, Murumbi na mkewe Murumbi, Sheila, walianzisha African Heritage jijini Nairobi. Ilikuwa duka na ukumbi wa maonyesho kwa wakati mmoja. Humo viliuzwa vitambaa, vito, vinyago, vikapu na samani kutoka pembe zote za bara. Maonyesho yake ya mavazi na muziki yalisafiri hadi Ulaya. Wafanyabiashara wa vinyago na vitambaa wa leo, wale wanaobeba marobota kati ya Goma, Kampala, Nairobi na Arusha, wanaifanya biashara ileile kwa mtaji mdogo zaidi.

Mtu anayeishi kwa biashara ya aina hiyo hurudi nyumbani na vitu viwili: faida na kumbukumbu. Faida huingia benki au kwenye mzigo mpya. Kumbukumbu, yaani ua uliompendeza Lamu, mlango alioukuta Unguja au kibaraza chenye ubaridi alichokalia Mali, kwa kawaida hupotea. Donovan alipoanza kuipanga nyumba yake mwishoni mwa miaka ya 1980, aliamua kuzijenga kumbukumbu hizo. Hakuchagua mtindo mmoja kutoka kitabuni. Alichukua umbo la majengo ya udongo ya Mali, michoro ya kuta za nyumba za kaskazini mwa Ghana, uzito wa makasri ya kaskazini mwa Nigeria, na mpangilio wa ndani wa nyumba za Waswahili. Kila kimojawapo kilikuwa na safari yake nyuma.

Vyumba vilipangwa kwa ajili ya vitu vitakavyokaa humo. Hilo ni jambo dogo kulisema, lakini ndilo wengi hulikosea. Mwenye nyumba wa kawaida hujenga kwanza, halafu hutafuta mahali pa kuweka anachokipenda. Donovan alianza na mkusanyiko wake, akauliza unahitaji ukuta wa aina gani, mwanga kiasi gani na nafasi gani ya kupita. Matokeo yake ni nyumba iliyokuwa makazi, ghala na ukumbi wa maonyesho kwa pamoja. Wageni walilipa kuitembelea, kula na kulala humo. Kwa maneno ya sokoni, nyumba ilijilisha yenyewe.

Ardhi ilivyosema

Sehemu nyingine ya kazi ilifanywa na mahali penyewe. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 117. Upande wake wa kusini uko wazi kuelekea nyika za Athi na Kapiti, ili wanyama wapite. Mtu aliyejenga ukingoni mwa mbuga hiyo amepata uwanja ambao jirani hawezi kuuzibia kwa ghorofa. Nyumba ya Donovan inalitazama eneo hilo. Madirisha, roshani na bwawa la kuogelea vimeelekezwa huko, na kelele za barabara ya Mombasa zimeachwa mgongoni.

Rangi nayo imetoka hapohapo. Ukuta wa rangi ya udongo kwenye nyika ya manyasi makavu haupigani na mazingira. Vumbi la kiangazi, ambalo kwenye ukuta mweupe huonekana kama uchafu, kwenye ukuta wa namna hiyo halionekani.

Reli pia iliingizwa kwenye hesabu. Njia iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, inapita mbele ya nyumba hiyo. Mwingine angeiona kuwa kero na kujenga ukuta mrefu. Donovan aliifanya mlango wa kuingilia, maana kwa miaka mingi wageni waliweza kuletwa kwa treni kutoka mjini. Mwenye kiwanja karibu na barabara, ziwa, mlima au soko anaweza kujiuliza swali hilohilo: hiki nilichokikuta hapa nikifiche, au nikitumie?

Wafanyabiashara wa Lamu walitangulia

Wazo la nyumba inayofuata shughuli za mwenyewe halikuletwa na mgeni. Kwenye pwani yetu lina karne nyingi. Nyumba ya mawe ya Lamu, mji ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara kabla ya kuwa kivutio cha watalii, na kila sehemu yake ina sababu.

Mlangoni kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba alipokutana na watu wa biashara asiotaka waingie ndani. Bei zilipangwa, chai ikanywewa, na mambo ya familia yakabaki ya familia. Ndani zaidi kulikuwa na sabule, chumba cha mgeni. Vyombo vya kutoka Arabuni na Bara Hindi vilikuja na upepo wa kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na viliondoka kwa kusi iliyofuata. Mshirika wa biashara aliyefika Januari hakuwa mgeni wa siku mbili, alikaa miezi. Ndiyo maana chumba chake kiliwekwa kando, apate heshima yake bila kuingilia ya wenyeji.

Baada ya hapo unakuja uwanja wa ndani, unaoitwa kiwanda, ulio wazi juu ili hewa na mwanga viingie. Halafu misana, kumbi ndefu nyembamba zinazofuatana, na mwisho chumba cha ndani, kilicho mbali kabisa na mtaa. Kwenye kuta mna zidaka, visanduku vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa, ambamo viliwekwa vyombo vya kauri vilivyokuja kwa jahazi. Mfanyabiashara aliionyesha safari yake ukutani, kama Donovan alivyokuja kufanya baadaye.

Hata vipimo vililetwa na ardhi. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikawa nene kiasi cha nusu meta, na ndani kukabaki ubaridi mchana kutwa. Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti moja haibebi uzito ikizidi urefu fulani, vyumba vya Lamu vina upana usiofika meta tatu, lakini ni virefu. Anayekuta vyumba hivyo vyembamba akadhani wajenzi hawakujua zaidi, anakosea. Walijua mti wao unabeba nini.

Alama za reli

Katikati ya muongo uliopita, Kenya ilipokuwa ikijenga reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, nyumba ya Mlolongo ilijikuta ndani ya njia iliyopendekezwa. Wapimaji walifika, na habari za kubomolewa zikaenea. Hapa hakukuwa na mbaya na mwema. Reli hiyo, iliyozinduliwa Mei 31 mwaka 2017, ilijengwa kwa ajili ya watu haohao wanaosoma ukurasa huu, ili kontena lishuke bandarini na kufika bara bila kukaa foleni kwenye mizani. Mfanyabiashara anaitaka reli. Mfanyabiashara pia anaitaka nyumba yake.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya maofisi. Mwenye nyumba na waliomuunga mkono walidai kwamba jengo hilo ni urithi wa taifa, na Januari 2016 likatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kuwa mnara wa kitaifa. Reli ikapita, nyumba ikabaki. Donovan aliishi humo hadi alipofariki Desemba 2021.

Nyumba ya mwenzake haikupata bahati hiyo. Murumbi aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga, Nairobi, kwa nia ya kuwa kituo cha masomo ya Afrika. Nia haikufika mbali, na nyumba ikabomolewa. Sehemu ya mkusanyiko wake imesalia, na leo mtu anaweza kuiona kwenye jengo la Nyaraka za Taifa katikati ya Nairobi. Marafiki wawili walipenda vitu vilevile na walifanya biashara pamoja, lakini nyumba ya mmoja inaonekana na ya mwingine imebaki kwenye picha. Hazikutofautiana kwa uzuri. Moja ililindwa kisheria, nyingine ikaachwa kwenye ahadi.

Anayejenga leo

Wafanyabiashara wengi wa Namanga, Busia, Mutukula, Tunduma au Rusumo hawatajenga nyumba yenye minara ya Mali. Hata hivyo, wengi wao hufika kwa fundi wakiwa na picha kwenye simu: nyumba waliyoiona Dubai, Guangzhou au kwenye mtandao, yenye vioo vikubwa na paa lisilo na vibaraza. Fundi huijenga, kwa kuwa amelipwa aijenge. Jua la saa tisa likiingia sebuleni, mwenye nyumba hununua mapazia mazito, kisha feni, kisha kiyoyozi, na kila mwezi hulipa umeme wa kurekebisha kosa la mchoro.

Kazi ya bure kabisa ni kukaa kwenye kiwanja kabla ya kuchora. Asubuhi, mchana na jioni, kiangazi na masika. Jua linapiga wapi? Maji ya mvua yanapita wapi? Upepo wenye vumbi unatoka upande gani? Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, nyumba ambayo kuta zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini hupokea jua kali kidogo kuliko ile inayotazama mashariki na magharibi. Kugeuza mchoro kwenye karatasi hakugharimu tofali hata moja.

Udongo nao uulizwe mapema. Nyika za Athi, pamoja na maeneo mengi ya mbuga nchini Tanzania na Uganda, zina udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikikolea. Msingi wa kawaida juu yake hupasua kuta. Wajenzi wenye ujuzi huuchimba na kuuondoa hadi wafike kwenye tabaka gumu, au mhandisi hubuni msingi unaofaa. Kiwanja cha bei rahisi kwenye udongo huo kinaweza kuwa ghali kuliko cha jirani mara msingi ukihesabiwa.

Halafu yaje maisha ya mwenyewe. Mwenye kuuza nafaka anahitaji mahali ambapo lori linaweza kugeuka na stoo isiyopitisha unyevu. Mwenye kushona na kuuza vitenge anahitaji chumba chenye mwanga wa kutosha, na mlango ambao wateja watautumia bila kupita jikoni, yaani daka lake. Anayepokea washirika kutoka ng'ambo ya mpaka anahitaji sabule. Anayependa bustani, muziki au mpira aseme mapema, kwa maana kona ya kipenzi ikiongezwa baadaye huwa banda.

Wengi hujenga kwa awamu kadiri mzigo unavyolipa. Hakuna ubaya, ilimradi mchoro wa nyumba nzima uwepo tangu siku ya kwanza. Kama ghorofa itakuja miaka kumi baadaye, msingi na nguzo vipimwe sasa na mhandisi, si siku fedha itakapopatikana. Nondo zinazochomoza juu ya paa zikilowa mvua mwaka hadi mwaka huliwa na kutu, na matumaini yaliyofungwa humo huliwa nazo.

Karatasi kabla ya tofali

Alama nyekundu ya X ukutani inajulikana kila upande wa mipaka yetu. Nchini Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya barabara kuu kuwa meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga humo baada ya hapo asitarajie fidia. Nchini Kenya, hati hukaguliwa kwenye ofisi za ardhi, na kwa Nairobi kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021. Ukaguzi huo ufanywe kabla ya malipo, na mipango ya barabara, reli na nyaya za umeme iulizwe pia. Ushoroba mpya ni neema kwa biashara, lakini kwa aliyenunua kiwanja juu ya mstari wake ni hasara.

Anayetaka kujenga ng'ambo ya mpaka akumbuke jambo lingine. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imefungua mlango kwa watu, huduma na mitaji, lakini suala la ardhi imeliacha kwenye sheria za kila nchi. Kenya na Uganda humpa asiye raia umiliki wa kukodi usiozidi miaka 99. Tanzania humruhusu kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji. Kuandikisha kiwanja kwa jina la rafiki au shemeji ili kukwepa masharti hayo ni kumjengea yeye nyumba.

Na kwa wanaopenda kupamba nyumba kwa vitu vya safari, milango ya kale, viti vya enzi na sanamu za zamani haviko sawa na bidhaa za kawaida. Sheria za mambo ya kale za Kenya na Tanzania zinataka kibali kabla ya kuvitoa nchini. Mafundi wa kuchonga wapo hadi leo Lamu na Unguja. Mlango mpya uliochongwa na mmoja wao, wenye risiti, hupita mpakani kwa heshima, na fundi naye amekula.

Mwisho wa yote, nyumba humpita mwenyewe. Watoto watakaoirithi watahitaji hati yenye jina sahihi, wosia ulioandikwa, na mchoro unaoonyesha mabomba na nyaya zilikopita. Faili hilo moja, likitunzwa mahali panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja, ni sehemu ya nyumba kama ulivyo msingi wake.